Kompyuta yako ya biti 32 imeachwa: ubaki na Debian 12, uende antiX, OpenBSD au NetBSD, au utafute mashine nyingine?

Septemba 2025 nilipanda Tukuyu kushughulikia chumba cha kompyuta cha shule moja ya sekondari. Mashine 14, zote za msaada wa miaka mingi iliyopita, zote zikitumia Debian 12, mfumo endeshi wa familia ya Linux. Toleo la 13 lilikuwa limetoka Agosti 9, nikaona ni vema nizipandishe. Nilianza na ile ya kona, yenye prosesa ya Athlon XP. Nikabadili neno bookworm (jina la toleo la 12) kuwa trixie (jina la toleo la 13) kwenye orodha ya vyanzo, nikaamuru mfumo wote upandishwe, kisha mimi na mwalimu wa kompyuta tukakaa kunywa chai huku vifurushi vikishuka kwa bando la simu yangu.

Katikati ya kazi programu zikaanza kuanguka moja baada ya nyingine. Kila moja ilitoa ujumbe uleule: imekutana na amri ambayo prosesa haiijui. Kufikia jioni mashine haikuwaka tena.

Kosa lilikuwa langu. Maelezo ya toleo la 13 yalisema wazi kwamba Debian haitoi tena keneli (kiini cha mfumo) wala kisakinishi cha biti 32, kwamba vifurushi vya i386, jina la mashine za biti 32 za aina hii, vilivyobaki vinahitaji amri za SSE2 na vimekusudiwa kuendeshwa juu ya prosesa ya biti 64, na kwamba mwenye mfumo wa i386 asipande. Athlon XP haina SSE2. Waliandika, mimi sikusoma.

Mwalimu aliniuliza kwa upole, “Sasa fundi, hizi kumi na tatu tunazifanyaje?” Nimezunguka na swali hilo miezi kadhaa, Tukuyu, Mbozi, na kwenye meza yangu hapa Mwanjelwa, Mbeya. Ninayoandika hapa ndiyo majibu niliyoyapata kwa kuijaribu mifumo yenyewe.

Hakikisha kwanza kwamba ni ya biti 32 kweli

Wengi wanaoniletea mashine wakisema “hii ni biti 32” wanamaanisha Windows iliyomo ndani. Fundi aliyepiga Windows 7 ya biti 32 kwa sababu RAM ilikuwa GB 2 hakubadilisha prosesa. Washa mashine kwa flashi yenye Linux yoyote ya biti 32, andika lscpu, kisha soma mstari unaotaja namna za kufanya kazi. Ukiona 32 na 64 zimetajwa pamoja, umepona: chukua toleo la kawaida la biti 64 uendelee na maisha.

AMD ilianza kuuza prosesa za biti 64 mwaka 2003. Kwa upande wa Intel, Core 2 Duo ya 2006 kwenda mbele ni salama. Pentium 4 ni za kukagua moja moja, kwani zile za mwisho zina biti 64 na za mwanzo hazina. Jina linalodanganya watu ni Core Duo, ile isiyo na namba 2, ya mwanzoni mwa 2006: hiyo ni biti 32. Vilevile vilaptopu vidogo vya Atom N270 vilivyoenea kuanzia 2008, ambavyo bado naviona kwa wanafunzi pale Iyunga.

Kati ya zile 14 za Tukuyu, 6 zilikuwa za biti 64 na hakuna aliyejua. Hizo nilizipiga Debian 13 siku hiyohiyo.

Neno moja la tahadhari kwa mwenye Core 2 Duo. Kuwa na biti 64 hakukupi tiketi ya kila basi. Red Hat Enterprise Linux 9 inataka prosesa za kiwango kinachoitwa x86-64-v2, na toleo la 10 la Mei 2025 linataka v3, yaani kuanzia kizazi cha Haswell cha 2013 kwa Intel. Core 2 Duo haifiki hata v2. Debian bado inaikubali.

Kwa nini mlango unafungwa

Nimesikia mafundi wenzangu wakilalamika kwamba watu wa programu huria wametusaliti, kwamba walituambia tuachane na Windows XP ilipokatiwa huduma Aprili 8, 2014, na sasa nao wanafanya vilevile. Hasira hiyo naielewa, lakini inapiga mahali pasipostahili.

Linus Torvalds alianza kuandika Linux mwaka 1991 kwenye mashine ya 386. Desemba 2012 Ingo Molnar, mmoja wa watengenezaji wa keneli hiyo, alipeleka mabadiliko ya kuiondoa 386 hiyohiyo, na toleo la 3.8 la Februari 2013 likatoka bila hiyo. Torvalds alisema hana huzuni. Sababu ilikuwa ya kazi: 386 inakosa baadhi ya amri ambazo keneli ya kisasa inazitumia kuzifanya prosesa kadhaa zigawane kumbukumbu moja bila kukanyagana. Kila walipotaka kurekebisha sehemu hiyo, walilazimika kutengeneza kichochoro cha pembeni kwa ajili ya mashine ambayo Intel yenyewe iliacha kuitengeneza mwaka 2007. Aprili 2025 Molnar huyohuyo akapendekeza hatua inayofuata, kuziondoa 486 na Pentium za mwanzo kabisa.

Biti 32 kwa ujumla ina tatizo jingine. Prosesa hizi zinaona GB 4 tu za anwani kwa programu moja, na kukiunganisha kivinjari cha leo kutoka kwenye msimbo wake kunabanwa ndani ya nafasi hiyo. Google iliacha Chrome ya Linux ya biti 32 Machi 2016. Mozilla ilivumilia zaidi: Firefox 144 ndiyo ya mwisho, na baada yake kuna toleo la muda mrefu la 140 lililoahidiwa viraka vya usalama hadi angalau Septemba 2026. Mfumo endeshi unaweza kuipenda mashine yako kwa moyo wote, lakini kivinjari kikiondoka nusu ya kazi imeondoka nacho.

Ndipo nikajifunza kulisoma neno “tunahudumia” kwa jicho jingine. Jina la i386 kwenye orodha ya mradi halina uzito mpaka ujue ni nani ana mashine hiyo mezani kwake, anaujenga mfumo kwa njia gani, na ameahidi mpaka lini. Nimeilinganisha mifumo minne kwa maswali hayo, nikaongeza moja la kwetu: umeme ukikatika saa kumi jioni wakati wa mvua za radi, mashine itaamka?

Debian 12 na antiX 23

Hawa ni ndugu, nami nawaweka pamoja kwa sababu wengi huwachukua kama njia mbili tofauti wakati mzizi ni mmoja.

Debian 12 ilitoka Juni 2023 na ndiyo ya mwisho yenye kisakinishi cha biti 32. Inataka prosesa ya i686 kamili, hivyo Pentium MMX na AMD K6 zimeshabaki nje, lakini Pentium III, Athlon XP na Pentium 4 zinaingia. Kuna keneli mbili, yenye PAE (njia ya kuona RAM zaidi ya GB 4) na isiyo na PAE, na laptopu za zamani za Pentium M zinahitaji ile ya pili. Ratiba ya viraka ni hivi: timu ya usalama hadi Juni 2026, kisha kundi la LTS, la huduma ya muda mrefu, hadi Juni 2028. Tarehe unayo mkononi, na hilo ni jambo kubwa. Mwalimu mkuu anaweza kuliingiza kwenye bajeti ya shule.

antiX 23 imejengwa juu ya Debian 12 hiyohiyo. Imeondoa systemd, programu inayoanzisha na kusimamia huduma za mfumo, haina mazingira mazito ya kompyuta ya mezani, inatumia IceWM, msimamizi mwepesi wa madirisha. Ukiipiga kwenye Pentium 4 yenye MB 512, ambayo Debian yenye mazingira ya mezani ya Xfce inaifanya ikohoe, utaiona ikifungua LibreOffice bila kukutia aibu mbele ya mteja. Inakuja kwa saizi tofauti, na ile ndogo haifiki nusu ya ile kamili, jambo ambalo mnunuzi wa bando la wiki analielewa haraka.

Kwa wepesi antiX inashinda, sina wasiwasi. Kwa uhai wake hesabu iko hivi: vifurushi vingi vya antiX 23 vinatoka kwenye ghala la Debian 12, kwa hiyo Debian 12 ikizeeka, antiX 23 inazeeka nayo. Anayekwambia uhamie antiX ili ukwepe uamuzi wa Debian anakupeleka chumba kingine cha nyumba ileile. Nenda antiX kwa sababu RAM yako ni ndogo. Kama RAM ni GB 1 au zaidi na tayari unaijua Debian, kaa ulipo.

Kuhusu umeme, zote mbili zinatumia ext4, mpangilio wa faili wenye kumbukumbu ya shughuli za diski, yaani daftari la mabadiliko yanayoandikwa. Umeme ukikatika ghafla, mara nyingi inaamka, inajirekebisha kwa sekunde chache, inaendelea. Pale Tukuyu hatukuwa na UPS hata moja, na mashine za Debian zilivumilia masika mazima.

Kama mashine ni nyingi na bando ni moja, weka apt-cacher-ng kwenye mojawapo. Inahifadhi kila kifurushi kilichoshuka, nyingine zinachukua kwake. Nililipia bando mara moja kwa mashine zote badala ya mara nane.

OpenBSD na NetBSD

Hizi mbili si Linux, ni mifumo ya familia ya BSD. Hapa ndipo penye utamu, na ndipo watu huambiana habari nusunusu.

NetBSD inajulikana kwa kuendeshwa kwenye karibu kila kitu chenye prosesa, kuanzia VAX na Amiga hadi kifaa cha michezo cha Dreamcast. Toleo la 10.0 lilitoka Machi 2024. Mradi unazipanga mashine kwa madaraja matatu: zinazopewa kipaumbele, zinazokwenda kwa nguvu za wapenzi wake, na zilizo mahututi. i386 iko daraja la kwanza. Mfumo mzima unaweza kujengwa kwa ajili ya mashine dhaifu ukiwa umekaa kwenye mashine yenye nguvu ya aina nyingine kabisa, kwa amri moja ya build.sh. Ndiyo maana wanaweza kubeba aina nyingi hivyo kwa watu wachache.

OpenBSD wana msimamo wa kinyume. Kwao mashine ijijenge yenyewe, ikishindwa inaondoka. VAX iliondoka baada ya toleo la 5.9 mwaka 2016. Faida yake ni kwamba kujijenga ni mtihani: mfumo uliojijenga wenyewe kwa saa nyingi umeshajaribu diski, kumbukumbu na prosesa kabla hujaugusa. Kwa maswali yangu ya nani anajaribu na anajenga kwa njia gani, OpenBSD ina jibu zito kuliko wengine wote.

Lakini soma ukurasa wao wa i386 mpaka mwisho. Wanaandika bila kuzunguka kwamba kwa kuwa watumiaji wengi wamehamia biti 64 na mashine za i386 zimezeeka, marekebisho ya usalama yanayoletwa i386 ni yale mepesi na yale ya lazima tu. Wengine wangeificha sentensi hiyo. Mimi iliniongezea imani kwao, ingawa ilinipunguzia hamu ya kuweka OpenBSD ya biti 32 mahali penye siri za watu.

Matoleo ya OpenBSD yanatoka kila miezi sita, na yanayopata viraka ni mawili ya karibuni. Maana yake, mashine ukiisahau mwaka mmoja imebaki nyuma. Kupanda toleo ni amri moja, sysupgrade, nami sijawahi kuona njia nyepesi zaidi. Ila lazima uwepo, na uwe na intaneti. Kwa fundi wa Mbeya mwenye wateja Chunya na Makete, hilo ni nauli.

Sasa umeme. OpenBSD haina kumbukumbu ya shughuli za diski. Umeme ukikatika, ikiamka inaikagua diski nzima, na diski ya zamani ya GB 80 inakuweka unaisikiliza ikikwaruza. Mara nyingine inasimama na kutaka mtu aandike fsck, amri ya kukagua diski, kwa mkono. Tena kila inapowaka inaziunganisha upya maktaba zake na keneli kwa mpangilio mpya ili kumvuruga mdukuzi, kazi nzuri kabisa ambayo kwenye Pentium 4 unaiona ikila dakika zako. NetBSD inayo kumbukumbu hiyo tangu toleo la 5.0 la 2009. Washa chaguo la log unapogawa diski, na baada ya umeme kukatika inaamka karibu kama Debian.

Kwa hapa kwetu tofauti hiyo peke yake inaamua mengi. Pasipo UPS sipigi OpenBSD. Penye UPS au betri ya sola, OpenBSD inaingia kwenye mjadala.

Kitu kimoja wanacholingana, na ambacho kwa mtu asiye na bando ni mali: maelezo. Kurasa za man (mwongozo) za OpenBSD hasa zimeandikwa na watu wanaoona aibu kukuacha na swali. Zinakuja ndani ya mfumo. Nimewahi kukaa Matamba bila mtandao nikatengeneza lango zima la ofisi kwa kusoma kilichomo kwenye mashine tu.

Jambo la tarehe nalitaja kwa kifupi. Mifumo inayohesabu sekunde kwa biti 32 itafika mwisho wa hesabu Jumanne, Januari 19, 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa zetu. NetBSD ilipanua hesabu hiyo tangu 6.0 mwaka 2012, OpenBSD tangu 5.5 mwaka 2014, kwa mashine zote, za biti 32 zikiwemo. Debian ilifanya hivyo kwenye toleo la 13, ila i386 wakaiacha na hesabu ya zamani ili programu kongwe ziendelee kufanya kazi. Kwa mashine inayoweka kumbukumbu za miaka, kwa mfano ya kupima mvua, BSD mbili hizi ziko mbele.

Kwa kuvinjari usitarajie miujiza upande wowote. Kwenye mashine za umri huu natumia Dillo au NetSurf. Dillo haielewi JavaScript, kwa hiyo benki na barua pepe za kisasa sahau. Lakini kurasa za matokeo ya NECTA ni majedwali mepesi, zinafunguka haraka, na siku ya matokeo nimeona foleni ya wazazi nyuma ya Pentium 4 moja ikisonga vizuri kabisa.

Au uiache, ununue nyingine

Maelezo ya Debian 13 yanashauri mambo mawili tu kwa mwenye i386: piga biti 64 kama inawezekana, au istaafishe mashine. Mara ya kwanza nilipoyasoma (baada ya kuharibu, kama nilivyosema) yaliniuma. Kisha nikapiga hesabu ya LUKU.

Pentium 4 ya GHz 3 ya aina ya Prescott, prosesa pekee imeandikiwa wati 89 na kiwanda. Ongeza diski, ubao, kibadilisha umeme chakavu na skrini ya kioo kinene, nikaweka wati 170 kwa seti moja. Mashine 14, saa 5 kwa siku, siku 20 za masomo: uniti 238 kwa mwezi. Sasa weka vile visanduku vidogo vya ofisini vyenye Core i5-6500T, prosesa ya wati 35. Pamoja na skrini bapa niliweka wati 45 kwa seti. Mashine 14, saa zilezile: uniti 63. Tofauti ni uniti 175 kila mwezi, kwenye shule inayochangisha wazazi ili ilipie umeme.

Na visanduku hivyo vinapatikana sasa kuliko wakati wowote niliowahi kuuona. Windows 10 ilikatiwa huduma za bure Oktoba 14, 2025, na Windows 11 haiikubali 6500T rasmi kwa kuwa inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda mbele. Ofisi zinavitoa. Kwa Linux hivyo bado ni vijana: vina biti 64 na vinafika v3 bila shida. Kinachomfukuza mmoja kinamkaribisha mwingine.

Ila usiuziwe mbuzi kwenye gunia. Washa kwa flashi yako mwenyewe palepale dukani. Tazama afya ya diski kwa smartctl, pima RAM kwa memtest walau mzunguko mmoja, kagua kama BIOS imefungwa kwa nywila ya ofisi iliyouza. Uliza kibadilisha umeme chake kipo, maana visanduku hivi vinatumia cha nje kama laptopu, na bila hicho umenunua tofali. Muuzaji anayekukatalia kuwasha ameshakujibu.

Kama shule au kikundi mnatumia intaneti kila siku, mna fedha ya kununua hata kimoja kwa muhula, na mnalipa umeme wenyewe, njia hii inazipita zote nilizotaja juu. Nasema hivyo mimi ninayezipenda mashine za zamani kiasi cha kuziwekea kapasita mpya usiku.

Nilivyozigawa

Tukuyu, 6 za biti 64 zina Debian 13. Nane zilizobaki ni ile Athlon XP na Pentium 4 saba. Zile saba zilizokuwa na GB 1 niliziacha Debian 12. Hazina intaneti ya moja kwa moja. Wanafunzi wanajifunzia kuandika, hesabu za majedwali na programu ndogo za Python. Tumekubaliana na mwalimu kwamba Juni 2028 ndiyo mwisho, na kila muhula kisanduku kimoja kinaingia, Pentium 4 moja inatoka. Athlon XP niliipiga upya antiX 23, kwa kuwa ina MB 512 tu. Sasa inaendesha printa ya zamani ya tundu pana la sambamba ambayo hakuna kisanduku kipya chenye mahali pa kuichomeka.

Mbozi kulikuwa na kazi ya aina nyingine. Chama kimoja cha msingi cha wakulima wa kahawa kina mizani inayotuma uzito kwa waya wa RS-232 hadi kwenye Pentium III. Mzee anayeisimamia hakutaka kusikia habari za kubadilisha. “Mwanangu, hii haijawahi kunikosea kilo,” aliniambia. Diski ndiyo ilikuwa inakufa. Nilimweleza kwamba kebo ya USB ya kwenda RS-232 ingefanya kazi na mashine mpya pia, na ni kweli ingefanya. Lakini mashine yenyewe ilikuwa nzima, haina mtandao, kazi yake ni moja, na umeme wa pale hukatika ovyo. Nikampigia NetBSD 10 kwenye diski nyingine, nikawasha log, nikaandika programu fupi ya kusoma mizani na kuweka kila uzito na tarehe yake. Kwa kazi hiyo sikuona mfumo mwingine wa kushindana nayo.

OpenBSD nimeiweka mahali pamoja tu, ofisi moja ya Uyole yenye betri za sola. Ni lango la mtandao lenye kadi mbili na pf, kichujio cha mawasiliano kilichozaliwa na OpenBSD 3.0 mwaka 2001, na mpaka leo sijaona chenye sheria zinazosomeka vizuri kuliko zake. Hapo niligoma kutumia biti 32. Lango linakaa mlangoni, na wenyewe wameshasema i386 inapata viraka vyepesi na vya lazima tu. Nilitafuta mashine ya biti 64, ofisi ikakubali.

Jambo linalonikera bado

Debian wana programu ya hiari iitwayo popularity-contest. Ukiiruhusu, mashine inatuma kila wiki taarifa ya vifurushi na aina ya prosesa, bila jina lako. Takwimu hizo ni mojawapo ya njia chache za kujua nani bado anatumia nini. Mashine za Tukuyu hazijawahi kutuma hata mara moja. Wakati wa kusakinisha swali linakuja, jibu lililowekwa tayari ni hapana, na sisi mafundi tunabonyeza Enter. Halafu hazina intaneti. Kwa hiyo mtu aliyekaa Ulaya akitazama idadi ya i386 zinazopungua, vyumba vya kompyuta vya Rungwe, Mbozi na Makete havimo. Sidhani tungebadilisha uamuzi wa Debian 13, sababu zake ni nzito. Lakini mjadala ulifanyika sisi tukiwa hatuonekani, na hilo tunaweza kulirekebisha kwa mashine zilizobaki.

Kwenye zile 6 za Debian 13 nimeiwasha popularity-contest, na taarifa zinatoka siku ambazo mwalimu anaunganisha bando. OpenBSD nao huwaomba watumiaji wawatumie dmesg, yale maandishi ya mwanzo ambamo keneli inataja kila kifaa ilichokikuta. Ya lango la Uyole nilituma siku nilipomaliza kulifunga. Ile Pentium III ya Mbozi haina mtandao, kwa hiyo dmesg yake nimeibeba kwenye flashi, ipo hapa mezani, na leo jioni naipeleka kwa watu wa NetBSD pamoja na maelezo kwamba inapima kahawa.